Kifuniko cha Mwenyekiti

Ndovu ndiye aliyewagawia kuni wanyama wa kijiji kizima, na mwaka huo mgongo ulikuwa unamuuma. Kila asubuhi aligawa mizigo, na adhuhuri haijafika wenyeji wanalia kuni zimekwisha.

"Ongeza mizigo!" alifoka Nyani, mwenyekiti wa kijiji.

"Msitu unakwisha, Mwenyekiti. Waambie wafunike vyungu. Wanachemsha maharage chungu kikiwa wazi, moto wote unapotea."

Ni kweli. Pale kijijini hakuna aliyefunika chungu, ili jirani asikie harufu ajue kwamba huku nako kunaliwa.

Basi wakakubaliana: Ndovu achonge vifuniko vya mbao, Nyani avipeleke nyumba kwa nyumba na kuhimiza.

Nguruwe alinuna. "Sasa Swala atajuaje kwamba nimetia nazi?"

Lakini akafunika. Wengine nao wakafunika, na kuni zikaanza kubaki. Chungu kimoja tu kiliachwa wazi.

"Mwenyekiti, na wewe je?" Ndovu aliuliza.

"Mimi ni kiongozi, Mzee Ndovu. Lazima wajue ninakula nini."

Wakajua. Mchana ule harufu ilitoka nyumba moja tu, na kijiji kizima kikaifuata, kila mmoja na sahani yake. Nyani angewafukuzaje wageni waliomkuta akipakua?

"Karibuni," alisema kwa shida. Nguruwe akaongezwa mara mbili.

Jioni Nyani alibisha hodi kwa Ndovu, tumbo likimnguruma.

"Nichongee kifuniko," alinong'ona. "Kiwe kizito."