Dereva, Tazama Barabara

"Sikilizeni, enyi watu wa Dunda! Kuanzia alasiri ya leo, mimi Mahfoudh bin Twalha sishiki tena usukani. Zama za kushika usukani zimekwisha!"

Aliyatamka hayo barazani, mkono kifuani, mbele ya gari lake jipya: refu, jeusi, vioo vyeusi, viti vya ngozi nyeusi. Kisha akapanda, akabonyeza kitufe, akaweka mikono mapajani. Gari likajiendesha hatua kumi, likasimama, likagoma.

"Kuna nini mbele?" akauliza Mahfoudh.

"Kuku, babu!" watoto wa mtaa wakapiga kelele. "Kakaa tu katikati!"

"Namwona, namwona. Nawajaribu ninyi."

Hivyo zama mpya zikaahirishwa na kuku kwa dakika nne.

Bi Shaikha, mkewe, hakucheka. Kesho yake kulikuwa na harusi Dar, na Mahfoudh alikwisha kuapa kwamba wajukuu wanne atawapeleka yeye, si mwingine. Mwanawe Mazin alijaribu kujitolea, akafukuzwa kama nzi.

"Baba Mazin, hebu lipeleke kwanza Kaole," akasema Bi Shaikha. "Mpelekee wifi yangu halua. Ukirudi mzima, kesho nakupa watoto. Usiporudi mzima, watapanda basi."

"Mke wangu, gari hili lina kamera inayonitazama macho. Nikiyafumba, lanikemea. Yakiwa wazi, laridhika. Hata wewe hujapata kunichunga hivyo."

"Na Shurooq yuko wapi? Angekusindikiza."

Hakuna aliyejua. Shurooq, mjukuu wa kidato cha tatu, alikuwa amerudi likizo kutoka bweni wiki ile, na tangu arudi hapakuwa na mtu nyumbani aliyefungua kabati bila kupiga bismillahi. Watu hawakumtafuta sana.

Mahfoudh akarudi ndani kufuata kofia. Alipapasa meza nzima mpaka Bi Shaikha akamkabidhi, maana ilikuwa palepale mbele yake. Akatoka, akakaa nyuma ya usukani, akanyoosha mkono na kukiweka kikapu cha halua kwenye kiti cha kushoto. Gari likaondoka.

Kabla hawajamaliza nyumba za mji, bajaji ikakatiza mbele yao. Gari likafunga breki lenyewe, kwa nguvu, mpaka mkanda ukambana Mahfoudh kifua. Hakutukana. Hakupiga hata honi. Mtu aliyemfahamu angeanza kuogopa hapo.

"Kulikoni tena?" akaliuliza gari, kwa upole.

Gari likaachia breki. Likaendelea.

Barabara ya Kaole ina matuta, na baada ya matuta ina mashimo. Gari liliruka, likainama, likayumba. Tasbihi iliyoning'inia kiooni ilicheza kama mwendawazimu. Kikapu pekee hakikuteleza hata inchi moja. Kilitulia tuli kana kwamba kimeshikwa.

Mahfoudh alikuwa akihesabu matuta kwa sauti ya chini. Alipofika la tisa akazima redio na kuvua miwani, kwa sababu baada ya tuta la tisa kuna makaburi, na baba yake amelala hapo. Watu wa kwao hawapiti makaburini kimya. Wanasalimia, hata wakiwa na haraka, hata wakiwa ndani ya gari linalojiendesha.

"Assalamu alaikum, enyi watu wa makaburini."

"Waalaikum salaam, Mahfoudh," ikajibu sauti nzito, ya taratibu. "Umekuja na nani?"

Mikono ya Mahfoudh ikaruka kutoka mapajani, ikaukamata usukani.

Akageuza kichwa. Akakitazama kiti cha nyuma. Kisha akakigeukia kiti cha kushoto, akakitazama kitambo kizima.

"Peke yangu, baba," akasema.

Sauti haikuuliza tena.

"Baba, usimwambie Shaikha," akanong'ona. "Harusi hii tu. Hii tu ipite, halafu nitamwambia mwenyewe. Wallahi nitamwambia."

"Dereva, tazama barabara," gari likasema kwa sauti yake ya kike.

Mahfoudh akageuza uso mbele. Macho yake yalikuwa wazi. Gari likaridhika.

Kwa huyo wifi wa mkewe hakufika. Aliliamuru gari lirudi, na njia nzima alisoma Yasin, mara akikosea, akianza upya. Waliporudi Dunda, Bi Shaikha alikuwa mlangoni.

"Mbona halua imerudi?"

"Hayupo. Ametoka." Mahfoudh akakinyanyua kikapu, akashuka, akaingia ndani moja kwa moja huku mkono mmoja ukifuata ukuta.

Bi Shaikha akalizunguka gari. Halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Akashusha pumzi, akaita: "Alhamdulillahi. Haya, watoto, wahini kulala. Kesho alfajiri mnakwenda na babu yenu."

Ndipo alipomwona Shurooq amesimama upande wa pili wa gari, buibui jeusi, ninja usoni, kimya. Shurooq hajapata kuwa kimya tangu azaliwe.

"Ulikuwa wapi wewe? Na hayo mafuta magotini ni ya nini?" Akainama, akanusa. "Iliki na zaafarani. Umeidokoa halua ya wifi yangu, mwanaharamu we!"

Basi, mimi Shurooq nakiri, mbele ya Bibi na mbele ya kila asomaye. Ile sauti ilikuwa yangu; bwenini huitumia kuwatisha wa kidato cha kwanza. Niliingia garini babu alipofuata kofia. Nilitaka agutuke tu, tucheke, tule halua.

"Ukajificha wapi?" akauliza Bibi.

"Sikujificha, Bibi. Kikapu alikiweka mapajani mwangu."