Kiyoyozi Kimekufa Tena

"Kimekufa tena," alisema Nadine, funguo za pikapu mkononi, midomo imeshapakwa rangi.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Juni, fundi Garland Tubbs alikitoa kiyoyozi chote cha zamani kwenye ile pikapu ya mwaka sabini na mbili, akafunga kipya. Julai kikapuliza joto. Sasa ni Agosti, Texas inaungua, na Nadine amebeba pai ya njugu kumpelekea fundi.

"Pai ya nini tena?" aliuliza Elbert, mumewe.

"Ya shukrani."

"Mimi nipo na wewe miaka arobaini na sita. Mara ya mwisho nilikula pai lini?"

"Jumapili, mume wangu. Vipande vitatu."

Akaondoka. Elbert alibaki barazani, wivu ukimtafuna. Garland ndiye aliyempeleka Nadine kwenye dansi la kumaliza shule, kabla Elbert hajajitokeza. Sasa Garland alikuwa mgane, na nywele zake zote bado ziko kichwani.

Na Nadine alijua fika kwamba Elbert hatamfuata. Tangu azimie kwa joto mwaka juzi, Elbert aliapa kutoshika usukani wa gari lisilo na kiyoyozi. Kikifa, anayeendesha ni Nadine. Tena tangu Mei alikuwa haachi kumchokonoa. Eti Elbert kagonga sanduku la barua, kumbe mtu wa posta ndiye aliyelisogeza. Eti amsikilize daktari wa macho, kijana asiyeota hata ndevu. Elbert aliona wazi kwamba mkewe amemchoka.

Saa nane mchana uvumilivu ulimwisha. Akapanda mashine ya kukatia majani, ile ya kukalia, akashika njia ya gereji kwa mwendo wa kobe. Madereva walimpigia honi. Alipita uzio wake, ambao nguzo zake alizivalisha vichwani buti zake zilizochakaa kama afanyavyo kila mfugaji wa huko, akafika kwenye uzio wa jirani. Jirani mwenyewe, Purvis, alikuwa amesimama pale. Elbert alimpungia mkono. Purvis hakujibu. Maringo tu, alijisemea.

Alizima mashine nyuma ya gereji, akajibanza kwenye matairi. Ndani aliona vivuli viwili vimesogeleana, na pikapu yake ikinguruma taratibu.

"Weka mkono hapa," ilisema sauti ya Garland. "Baridi tupu. Kiyoyozi kizima hiki, Nadine. Waya umechomoka, kama Julai."

"Najua. Nimeuchomoa mwenyewe." Nadine alikuwa analia. "Kaa na gari wiki tatu. Mwambie unasubiri kompresa kutoka Houston."

"Na baada ya hapo? Si umwambie tu ukweli?"

"Wee! Ulishamwona mwanaume wa huku akaambiwa atoe funguo za pikapu yake, akazitoa? Nimeshajaribu kila njia. Acha anichukie."

Damu ilimpanda Elbert. Kumbe! Mke anachomoa waya apate kumwona hawara, na sasa wanaitaka mpaka pikapu! Alitaka kuingia ndani awaumbue, lakini akaona watamcheka. Akarudi kwenye mashine, na njia nzima aliwaona akilini wakipita mjini madirisha yamefungwa, wanapulizwa baridi, wanakula pai.

Purvis alikuwa bado palepale. Elbert akazima mashine. Ilimlazimu amwambie mtu, la sivyo moyo ungepasuka.

"Purvis, bwana, nimekwisha! Nadine ananiacha. Anamtaka Garland, na gari langu wanalichukua."

Purvis kimya.

"Si nasema na wewe? Au ulikuwa unajua? Mji mzima mnajua, mjinga ni mimi peke yangu?"

Kimya.

"Nitazame basi, mwanaume wewe! Jirani gani huyu!"

Elbert aliteremka, akavuka majani, akamkamata bega.

Mkono wake ulishika mti mkavu. Akapapasa juu taratibu, mpaka vidole vilipogusa buti kuukuu.