Jina la Tumbusi

Afisa wa mradi wa ndege alizima pikipiki mbele ya boma letu, akavua kofia, akasema, "Mama, yule ndege..."

Haikuwa kawaida yake. Siku zote huanza hivi: "Shikamoo mama! Sinyati yuko Piyaya, kashiba mzoga wa nyumbu mpaka kuruka hawezi." Nami hucheka.

Sinyati ni binti yangu. Ndiye aliyemfunga yule tumbusi kifaa cha kufuatilia safari zake, mwezi mmoja kabla hajafariki. Wafadhili waliolipia kifaa wakampa ndege jina lake.

Kwetu Wamasai jina la marehemu halitajwi. Afisa ni Mwiraqw wa Karatu, hakuujua mwiko huo, na mimi sikumwambia. Kwa miaka miwili ni yeye peke yake aliyelitamka mbele yangu.

"Amekula mzoga wa ng'ombe uliotiwa sumu," alisema. "Walimtegea simba."

Akaniwekea kifaa kiganjani. Kilikuwa kidogo kama kiberiti, na unyoya mmoja wa kahawia ulikuwa umenasa kwenye kamba yake. Niliunyoosha polepole kwa kidole gumba.

"Pole sana, mama. Wafadhili wametoa fedha za kifaa kingine. Wanauliza kama utaruhusu ndege mpya apewe jina lile lile."

"Jina lipi?" nikamwuliza, nikisubiri alitaje.

Alimtazama mume wangu aliyesimama mlangoni, kisha akatazama chini.

Kumbe alikuwa ameshaambiwa.