Uchumba wa Uongo Nyumbani kwa Mama Siu-lien

"Usimpe mkono," Yi-sheng alimwambia A-Kun kwa mara ya nne asubuhi ile. "Akikushika mkono tu, tumekwisha."

A-Kun akaitazama mikono yake. Ilikuwa na makovu ya maganda ya chaza, kama ya kila mtu kijijini kwetu, na sabuni ilikuwa haijaondoa harufu yote. Bi-chu, mkewe, akamsugua tena shingo kwa dodoki huku akicheka.

"Jamani, wenzangu huletewa mke mwenza mwenye wanja, mimi naletewa mwenye ndevu," akasema. "Na mume nimwogeshe mimi mwenyewe!"

Wote tuliokuwa uani tulicheka, hata Yi-sheng kidogo. Alikuwa ameshuka basi la kutoka mjini Kaohsiung saa mbili asubuhi, amekumbatia boksi la keki za nanasi, na tangu afike hakuwa ametia kitu mdomoni.

Ulikuwa uchumba wa uongo, na kijiji kizima kilijua isipokuwa mtu mmoja. Mama Siu-lien kisukari kilikuwa kimemla macho, sasa kilikuwa kinamalizia figo. Miaka mitatu nyuma mwanawe wa pekee alimletea mwanamume mpaka mlangoni, akasema huyu ndiye mwenzangu. Serikali ilikwisha kuwaruhusu watu kama wao kuoana, lakini mlango ule haukuwaruhusu. Mama aliwamwagia bakuli la supu miguuni, akawaambia wasirudi mpaka wasikie amekufa. Hawakurudi, hata simu hawakupiga. Na sisi majirani, nisifiche, tulisikiliza madirishani, na wengine wetu tulicheka.

Mwezi uliopita alimshika mkono nesi anayekuja kumpima sukari. "Mwiteni mwanangu," akamwambia. "Aje na huyo mtu wake. Nataka nimvishe pete kabla sijafa. Nilikosea."

Nesi alitoka nje akalia juu ya pikipiki yake. Wawili wale hawakuwa tena wawili. Alikuwa amebaki mmoja, na nani angekuwa na moyo wa kuingia mle ndani kumwambia yule mama maneno hayo? Tulikaa kikao kizima na hakuna aliyejitolea. Basi ikabidi atafutwe mtu wa kuziba pengo.

Mama haoni, lakini masikio yake ni makali kama ya paka. Wanaume watatu walijaribiwa sauti, ikafaa ya A-Kun. Kwa Jumapili tatu Yi-sheng alimfundisha. Usiseme harakaharaka. Cheka kwa pua, usifungue mdomo. A-Kun alikuwa mwepesi wa kushika. Siku moja alicheka sawasawa na alivyofundishwa, Yi-sheng akainuka ghafla, akaenda kusimama nyuma ya lundo la maganda. Alikaa huko mpaka Bi-chu alipomfuata na taulo.

"Bado unampenda?" Bi-chu akamuuliza.

"Kila siku, dada."

Bi-chu akamfuta uso kwa taulo. Siku hiyo hakutania mtu mpaka jioni.

Saa nne tukaenda. Mama Siu-lien alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha henzirani, amevaa blauzi nyekundu, miguu imevimba ndani ya soksi. Alisikia hatua akainua kidevu.

"Mmekuja?"

"Tumekuja, Mama," wakajibu wote wawili.

"Nyie wabaya. Miaka mitatu, hata salamu!" Akatikisa kichwa. "Hapana. Mimi ndiye mbaya. Mimi ndiye niliyewafukuza."

Yi-sheng akapiga magoti sakafuni. A-Kun naye akafuata upesi, goti likagonga kigae tukasikia wote. Chai tamu ikaletwa kwa mikono miwili, mama akainywa yote, ingawa daktari alikuwa amemkataza sukari. Ilituuma kumwona anavyofurahi. Tulimwonea huruma, na tulijionea aibu.

"Mkwe wangu akae hapa mbele yangu," akasema.

Kigoda kikasogezwa. Mama akaivua pete ya dhahabu kidoleni mwake kwa shida, ile aliyovishwa na mama mkwe wake akiwa na miaka kumi na tisa. Kwetu, anayevishwa hukikunja kidole ili pete iishie kwenye fundo, isije ikawa mama mkwe amemweka mfukoni maisha yake yote. Watu waliojaa mlangoni wakaanza kelele: "Kunja! Kunja kidole! Usimpe nafasi!"

Mama mwenyewe akacheka mpaka akakohoa. "Kunja tu, mwanangu. Sina muda wa kumtawala mtu."

Halafu mkono wake mwingine ukaanza kupapasa hewani. "Na wewe, Wen-bin, uko wapi? Mbona umenyamaza? Nipe mkono, nikushike na wewe."

Kelele zikakatika. Bi-chu akafumba macho.

"Nipo hapa, Mama, nimeshika sinia la vikombe," akajibu A-Kun polepole, kwa sauti ya Wen-bin, rafiki yake wa utotoni, ambaye mwezi wa tatu tulikwenda kumzika Kaohsiung bila kumwambia mama yake, kwa kuwa kwetu mzazi haruhusiwi kumsindikiza mwanawe kaburini. "Mvishe kwanza yeye."

Na pale kigodani, Yi-sheng, mjane wake, akakinyoosha kidole.