Paa Aliyekataa Kujikung'uta

Chui alivunjika mguu, akawa hawezi tena kumkimbiza mnyama yeyote. Alilala kichakani akikohoa tu. Kila alipokohoa paa walitimka, na walipoona hawafuatwi walijikung'uta mwili mzima, kama ilivyo desturi yao, wakarudi kula majani.

Paa mmoja, jina lake Kesha, aliwadharau.

"Mnajikung'uta ili msahau. Mimi sisahau!"

"Jikung'ute, mwanangu, mwili upoe," mama yake alimsihi.

"Mama, atakayeliwa ni mzembe."

Akabaki amesimamisha masikio, moyo ukimdunda kutwa kucha. Chakula kikawa hakipiti kooni, usingizi ukamruka, miguu ikatetemeka hata chui alipokuwa kimya. Wenzake walimsifu sana, wakamwachia zamu zote za ulinzi.

Siku moja kijiti kilivunjika nyuma yake. Kesha alitaka kuruka, lakini miguu haikumtii. Akaanguka, akafa papo hapo.

"Samahani, ni mimi napita," alisema kobe.

Chui alitoka kichakani akichechemea, akamshika Kesha shingoni.

"Afadhali huyu," alimwambia kobe. "Wale wanaojikung'uta walikuwa wananiua kwa njaa."