Kigurudumu cha Sita

Niliinua kichwa cha kifaru changu cha vita, kile chenye mzinga, ili nikipake rangi, na ndani yake kitu kikalia: kacha.

Kifaru chenyewe ni cha plastiki, mfano wa kile kizito cha Kisovieti, na kila ubavu una vigurudumu vitatu vya juu vya kubeba mnyororo, vidogo kama punje za choroko. Mimi nilikuwa na vitano; cha sita kilikuwa kimepotea. Kumbe Jumatatu niliziunga nusu mbili za kichwa kwa gundi bila kuchungulia ndani.

Mama alikuwa amepiga magoti chini ya meza yangu, siku ya tatu sasa, akipapasa sakafu kwa kiganja. Kosa lake ni kufagia. "Nani alikutuma ufagie humu?" nilimfokea juzi mbele ya mke wangu, kama vile si yeye aliyenizaa. Alikwenda kuinamia pipa la taka, akachambua maganda ya vitunguu moja moja.

"Nini hicho kimelia?" akauliza kutoka chini.

Nilikibana kichwa kifuani kisitikisike. Gundi ile haibanduki. Kukitoa kigurudumu ni kukivunja kichwa.

"Hakuna kitu, mama."

"Basi nimulikie, mwanangu. Macho yangu ndiyo haya, lakini mtafutaji hachoki."

Nikachukua tochi kwa mkono uliobaki.

"Labda kiliviringikia nyuma ya kabati," nikajisikia nikisema.

Akaanza kutambaa kuelekea huko.