Dawa ya Nne

Dawa tatu ziliposhindwa kushusha presha ya Bi Zamaradi, zahanati ikamwandikia ya nne: mumewe, Makame, ahame. Ndiyo sheria. Bangili ya kipimo aliyovishwa mkononi ilionyesha kwamba presha yake hupanda kila Makame anapofungua mdomo, na taa ya juu ya mlango huwaka nyekundu, mtaa mzima ukiona.

"Nimemkosea nini?" Makame alimuuliza nesi, huku akikunja nguo zake.

"Bangili haisemi kwa nini, mzee. Inasema nani tu."

Akahamia kwa dada yake, mtaa wa pili. Jioni aliruhusiwa kwenda kupiga hodi. Taa ikibaki kijani, aingie. Alilainisha sauti, akapeleka visheti, akajaribu hata kunong'ona. Nyekundu. Alirudi kwa dada yake akahangaika uani kama kuku anayetaka kutaga.

Leo alipiga hodi bila matumaini. Taa ikabaki kijani.

"Dawa imekubali!" nesi, aliyekuwa akitoka, akapiga kigelegele.

"Karibu," Zamaradi alijibu kutoka ndani, kwa sauti ile ile anayomkaribishia muuza maziwa.

Makame alisimama, mguu mmoja ndani. Alikumbuka siku ya posa: Zamaradi alipoisikia tu hodi yake, aliangusha sinia zima la vikombe vya kahawa.

Akarudisha mguu nje. Akapiga hodi tena, kwa nguvu zaidi, macho kwenye taa, akiiombea iwake nyekundu.